Kabla Hujanunua Kifaa, Uliza Gari Linazima Lini

Mafundi wenzangu, vijana wetu mnaoanza kushika spana, na ninyi ndugu zetu wenye magari mliokubali kukaa nasi asubuhi hii, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu. Gari linatembea vizuri, njiani halina shida, lakini ukikanyaga breki ukasimama, injini inatetemeka mara mbili tatu, kisha kimya. Unapiga stata, linawaka. Unaondoka, linakwenda. Unafika penye taa nyingine, linazima tena. Nilikubali kulizungumzia bila kusita kwa sababu linaniuma. Nimeona watu wakinunua pampu ya mafuta, plagi, koili, hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na baada ya gharama zote hizo gari likazima vilevile. Mara nyingi kilichohitajika kilikuwa kitambaa safi, kopo la dawa ya kusafishia throto, yaani mlango wa hewa ya injini, na nusu saa ya fundi mwenye subira.

Ninalotaka mwondoke nalo ni hili: usiguse kifaa chochote kabla hujajua gari linazima lini. Mteja akisema "linazima", bado hajakwambia kitu. Linazima likiwa baridi au likishapata moto? Linapopunguza mwendo, au likishasimama dakika nzima? AC ikiwa imewashwa tu? Ukiweka D, gia ya kwenda mbele ya otomatiki, lakini si N, gia huru? Baada ya kujaza tangi? Na swali ninalolipenda kuliko yote: kitu gani kilifanyika kwenye gari hili wiki ile tatizo lilipoanza? Nitawaeleza kwa nini maswali haya yana thamani kuliko boksi zima la spana.

Tuangalie kwanza injini inavyopumua. Mguu wako ukiwa kwenye pedeli ya mafuta, kile kilango cha duara ndani ya throto kimefunguka na hewa inaingia kwa wingi. Katika hali hiyo injini huvumilia kasoro nyingi. Mpira wenye ufa mdogo, plagi iliyochoka, nozeli ya kunyunyizia mafuta iliyoanza kuziba, vyote vinamezwa na wingi ule wa hewa na mafuta. Ukiondoa mguu, kilango kinafunga karibu kabisa. Sasa injini ipo kwenye sailensi, yaani inazunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta. Magari mengi madogo ya petroli huzunguka hapo kati ya mara 600 na 900 kwa dakika, yakiishi kwa hewa inayopenya kwenye upenyo mwembamba sana. Ufa uleule ambao barabarani haukuonekana, hapa unakuwa sehemu kubwa ya pumzi yote ya injini. Uchafu uleule ambao kwenye mwendo haukuzuia chochote, hapa umeziba nusu ya njia.

Na ni injini hiyo, ikiwa katika udhaifu wake mkubwa, ndiyo tunayoitwisha mizigo. Alteneta inazungushwa itoe umeme wa taa na feni. Kompresa ya AC inaingia. Ukikata usukani hadi mwisho, pampu yake inadai nguvu. Kwenye gari la otomatiki lililo kwenye D, giaboksi inasukuma gari mbele huku wewe umelishika kwa breki. Kazi ya kompyuta ya gari ni kuhisi mizigo hiyo na kuongeza hewa kidogo kabla injini haijalemewa. Magari ya zamani kidogo hutumia vali ya sailensi, inayopitisha hewa pembeni ya kilango. Magari ya sasa, ambayo pedeli haiunganishwi na throto kwa waya wa kuvuta, yana mota inayofungua kilango chenyewe kwa kiasi kidogo mno.

Kuna wakati mmoja mgumu zaidi ambao vijana wengi hawaufahamu. Gari likiwa kwenye gia na mguu wako umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Mizunguko ikishuka hadi karibu na sailensi, mafuta yanarudishwa na injini inatakiwa ijishike yenyewe. Ule mpito ni kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli inayokwenda: lazima mguu ufike chini kwa wakati wake. Hewa ikichelewa au ikiwa pungufu hapo, mizunguko inapita chini ya 600, inafika 400, na injini imekufa. Ndiyo maana gari linaweza kukaa kwenye sailensi saa nzima hapa uani, ukaapa kwamba ni zima, kisha likazima kwenye makutano ya kwanza. Ukilijaribu limesimama tu, hujalijaribu.

Sasa nirudi kwenye swali la kilichofanyika kabla. Aliwahi kuniletea gari mama mmoja ambaye alikuwa ameshalipia plagi mpya na kuoshewa nozeli. Gari lake lilizima kila aliposimama. Nilimuuliza lilianza lini. Akasema siku ileile aliyobadilisha betri. Fundi aliyemtangulia hakuona uhusiano wowote, kwani betri ilikuwa mpya na nzuri. Lakini sikilizeni. Throto ya gari lile ilikuwa imejaa masizi meusi ukingoni mwa kilango, masizi ya miaka. Kompyuta ilikuwa ikijifunza taratibu, mwezi hadi mwezi, kufungua kilango zaidi na zaidi ili kufidia uchafu. Betri ilipotolewa, kumbukumbu yote ikafutika. Kompyuta ikarudi kufungua kilango kama cha gari jipya, na kwa throto ile chafu, hewa haikutosha. Betri haikuharibu kitu. Iliondoa tu fidia iliyokuwa ikificha uchafu. Tulisafisha throto, tukaifundisha kompyuta sailensi upya, na gari likatulia.

Uchafu wa throto ndio ninaoutafuta kwanza, kwa sababu ndio unaopatikana mara nyingi na ndio rahisi kuondoa. Zima injini, toa ufunguo, fungua mpira mkubwa unaotoka kwenye filta ya hewa, mulika ndani kwa tochi. Ukiona duara jeusi pale kilango kinapokutana na ukuta, umepata mtuhumiwa. Nyunyiza dawa ya throto kwenye kitambaa, usimwage moja kwa moja ndani kama unayeosha sufuria, kwa sababu majimaji hayo hayatakiwi kufika kwenye mota wala kwenye sensa. Futa, usikwangue. Baadhi ya throto zimepakwa utando maalumu kiwandani, na ukiukwangua kwa bisibisi umeanzisha tatizo jipya. Kwenye throto ya umeme usilazimishe kilango kwa kidole, na swichi ikiwa imewashwa ndiyo kabisa usiweke kidole: mota ile inaweza kukukata, na gia zake ndogo za plastiki huvunjika. Ukimaliza, usishangae sailensi ikiwa juu. Kompyuta bado inafungua kilango kwa kufidia uchafu usiokuwepo tena. Kila aina ya gari ina utaratibu wake wa kuifundisha upya, na utaratibu huo upo kwenye kitabu cha ufundi cha gari husika. Usome, usibuni.

Kama throto ni safi, natafuta hewa ya wizi. Ndivyo ninavyoiita hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Kompyuta inatoa mafuta kwa hewa iliyohesabiwa. Uwiano unaotakiwa kwa petroli ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Hewa ya wizi ikiingia kupitia ufa, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache, injini inamisi, yaani mafuta hayawaki sawasawa, na kwenye sailensi inazima.

Mahali pa kutafuta ni pengi na panachosha, lakini msiparuke. Anza na ule mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throto, hasa kwenye mikunjo yake. Usiutazame tu kwa juu, ukunje kwa mkono, pindua chini. Ufa hujificha ndani ya mkunjo na hufunguka injini inapoegemea upande mmoja. Nilishaona gari lililozima likiwekwa R, gia ya kurudi nyuma, na halizimi likiwekwa D. Mipira inayoshikilia injini ilikuwa imechoka, injini ikawa inalala upande mmoja kila unapoweka R, na kila inapolala ufa unafunguka kama mdomo. Tungeweza kubadilisha giaboksi nzima kwa tatizo la kipande cha mpira.

Kisha fuata mipira midogo ya vakyumu, yaani inayobeba mvuto wa hewa wa injini, mmoja baada ya mwingine, hasa kwenye ncha zake ambako joto huikausha. Angalia gasketi ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Hiyo ina tabia yake: injini ikiwa baridi inavuja, ikipata moto chuma kinatanuka na kuziba. Ndiyo maana jibu la mteja kwamba "asubuhi tu" lina uzito. Angalia pia kama kifuniko cha oili kimekazwa na kijiti cha kupimia oili kimekaa mahali pake. Kwenye magari mengi hewa ya ndani ya injini hurudishwa kwenye manifoldi, kwa hiyo kifuniko kilichoachwa wazi ni mlango wa hewa ya wizi. Gari limetoka kubadilishwa oili jana, leo linazima? Fungua boneti, angalia kifuniko kabla ya kitu kingine.

Namna ya kuupata uvujaji usioonekana: njia bora ni mashine ya moshi, unaingiza moshi kwenye mfumo wa hewa na kutazama unapotokea. Kama huna, nyunyizia maji kidogo kwa bomba la kunyunyizia kwenye maungio, ukiepuka koili, mkanda na feni. Maji yakiziba ufa kwa sekunde moja, utasikia sauti ya injini ikibadilika. Najua wengi mmezoea kupuliza petroli au dawa ya kabureta kwenye injini inayochemka. Tafadhali acheni. Cheche moja ya waya wa plagi unaovuja inatosha kuchoma gari na uso wako.

Mtuhumiwa mwingine ni haidrovaki ya breki, na huyu ana ushahidi ulio wazi, kwa sababu anazimisha gari kwa breki yenyewe. Ndani yake kuna utando wa mpira unaotumia vakyumu ya injini kukusaidia kukanyaga. Utando ukipasuka, kila unapokanyaga breki unaifungulia injini hewa. Simama, acha injini kwenye sailensi, kanyaga breki bila gari kutembea. Ukisikia mlio wa hewa miguuni na mizunguko ikashuka, umempata. Jaribio la pili: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano hadi pedeli iwe ngumu, uishikilie, kisha washa. Pedeli inatakiwa kushuka kidogo. Isiposhuka, haidrovaki au mpira wake una kasoro. Hili si la kusubiri mwisho wa mwezi. Hiyo ni breki.

Gari likizima pale tu AC inapowashwa au usukani unapokatwa, rudi kwenye throto na vali ya sailensi. Mzigo umeingia na hewa haikuongezwa. Pima pia umeme. Injini ikiwa inawaka, betri isomeke kati ya volti 13.5 na 14.7 kwenye magari mengi. Teminali iliyolegea au alteneta iliyochoka huonekana kwanza kwenye sailensi, kwa sababu hapo ndipo alteneta inazunguka polepole zaidi.

Kwenye otomatiki, kama gari linazima likiwa D na lever ikiwa N linatulia, na zaidi sana kama linazima kama gari la manyuali lililosimamishwa bila kukanyaga klachi, fikiria toki konveta, kile kinachounganisha injini na giaboksi. Ndani yake kuna klachi inayoshika moja kwa moja gari likiwa kwenye mwendo na kuachia unapopunguza. Isipoachia, magurudumu yaliyosimama yanaisimamisha na injini. Hapo kazi ni ya mtu wa giaboksi, na kwanza aanze na kiwango na hali ya oili yake.

Gari linalozima au kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta linakuelekeza kwenye vali inayovuta mvuke wa tangi kupeleka kwenye injini. Ikikwama wazi, mvuke mwingi unaingia wakati injini haiuhitaji. Vali ya EGR inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini nayo, ikikwama wazi kwa kipande cha masizi, inazimisha sailensi, kwa sababu moshi uliokwisha kuungua umechukua nafasi ya hewa. Na gari linalozima likishapata moto, likakataa kuwaka hadi lipoe, lichunguzwe sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini. Ila hilo huzima popote, hata kwenye mwendo, na ndiyo njia ya kulitofautisha.

Wenye kabureta msijione mmesahaulika. Kabureta ina njia yake ndogo ya mafuta ya sailensi, na jeti yake ikizibwa na chembe moja ya uchafu, gari litakwenda vizuri na kuzima ukiachia pedeli. Nyingi zina pia kivali cha umeme kinachofungua njia hiyo: washa swichi, usikilize kama kinagonga tiki. Kama gari linazima kwa breki kali tu, angalia kimo cha mafuta kwenye bakuli la floti. Na kwenye dizeli za komoni reli, vali ya pampu inayodhibiti mafuta yanayoingia ikianza kukwama, injini huzima mguu unapoachia, lakini badilisha kwanza filta ya dizeli.

Mtaniuliza, mashine ya kupima, ile inayosoma kompyuta ya gari, ina kazi gani basi? Ina kazi kubwa. Soketi yake ilikuwa ya lazima kwa magari madogo ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, na kwa ya petroli ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, kwa hiyo magari mengi mnayoyashika yanayo. Hutoa misimbo ya makosa: P0505 inalalamikia mfumo wa sailensi. P0506 inasema mizunguko ipo chini ya inayotakiwa. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache. Lakini hakuna msimbo hata mmoja unaosema "nunua kifaa hiki". P0171 inaweza kuwa ufa kwenye mpira, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu dhaifu. Nenda kwenye namba hai, zile zinazobadilika injini ikiwa inawaka, tazama kiasi ambacho kompyuta inafidia mafuta. Kama kwenye sailensi inaongeza asilimia 20 na ukipandisha mizunguko hadi 2,500 fidia inashuka karibu na sifuri, hiyo ni hewa ya wizi. Kama fidia inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, geukia pampu, filta ya mafuta na sensa ya hewa. Taa ya injini isipowaka pia si ushahidi kwamba kompyuta haijui kitu. Soma misimbo inayosubiri. Na nawaomba sana, andikeni misimbo kabla ya kuifuta. Kufuta kabla ya kusoma ni kumfukuza shahidi kabla hajasema.

Niseme sasa jambo ambalo sitalipunguza makali. Kupandisha sailensi kwa skrubu, ili gari lisizime mbele ya mteja, ni kumdanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Gari litasukuma mbele penye breki, litakula mafuta, na ufa uleule utaendelea kukua. Skrubu ile kwenye throto nyingi imewekwa kiwandani ili kilango kisisage ukuta, wala haikukusudiwa kwa sailensi. Ukikuta imechezewa, mwambie mwenye gari.

Ninyi mnaoendesha, gari likizima ukiwa bado unatembea, usukani utakuwa mzito na breki itakuwa na akiba ya kukanyaga mara moja au chache tu. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Washa taa za tahadhari, weka N, piga stata. Msijizoeze kukanyaga mafuta kwa mguu mmoja na breki kwa mwingine kwenye kila makutano mkidhani mmepata dawa. Na kama gari ni jipya kidogo, linazima kwa utulivu bila kutetemeka na linajiwasha unapoachia breki, taa ya herufi A yenye mshale wa kuzunguka ikionekana kwenye dashibodi, huo ni mfumo wa kuokoa mafuta na gari lako ni zima.

Muda wangu umekwisha, na mkono hujifunza zaidi ya sikio. Pale nje kuna gari ambalo mwenyewe anasema linazima asubuhi tu, kwenye kona ya kwanza, na halijaguswa tangu jana jioni, kwa hiyo bado ni baridi. Mwenye tochi aje mbele. Asiwashe mtu yeyote injini hadi milango ya banda ifunguliwe, maana ndani ya moshi wa ekzosi kuna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Mwenye gari atakaa nasi, na swali la kwanza ataulizwa na kijana aliye mdogo kuliko wote hapa.